Karatasi Nne

Januari, Jyväskylä. Nje ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
theluji imezimeza baiskeli zilizosahauliwa ukutani,
na ndani ya ukumbi taa zinavuma kama nyuki waliokosa maua.
Nimebandika karatasi nne mlangoni.
Wasichana wanne wa kupokezana vijiti wanazisoma,
kila mmoja akianza na ya mwenzake.

"Mbona Oona ana kuruka na mimi sina?"
Vilja, huyo. Hata jasho la kupasha mwili halijamtoka.
"Mbona mimi nyonga tu, nyonga tu, wiki ya tatu?"

Kwa sababu, Vilja, nilikupiga picha ukikimbia,
nikaigandisha pale unyayo unapokaribia kugusa ardhi:
kiuno kimeinama mbele kama birika linalomimina,
na nyuma ya paja msuli umevutika
kama kamba ya nguo iliyobebeshwa blanketi lililoroa.
Mguu wako una nguvu za kutosha.
Ni kiuno kinachoudhulumu.

Oona ni kinyume: kiuno tuli,
ila paja la kushoto, kwenye mashine,
linasukuma pungufu ya la kulia kwa sehemu moja ya sita.
Basi apige magoti, nimshike vifundo,
ajishushe mbele polepole, polepole, mpaka kifua kiguse mkeka.
Hulia kila Jumanne. Jumatano hucheka.

Senni hana kasoro ya kuonekana, isipokuwa halali.
Karatasi yake ina mstari mmoja:
*simu ilale jikoni, wewe ulale chumbani.*
Alidhani namtania.

Na Tinka, aliyechanika mara mbili, yeye namkimbiza.
Ndiyo, kasi yote, mara mbili kwa wiki,
maana msuli uliofichwa mbio
siku ya mbio hushtuka kama mgeni.
Dawa ya moto ni moto,
lakini kwa kijiko.

Sisi, kocha Kauko alitupa karatasi moja, wote kumi na mmoja,
sare iliyoshonwa kwa kipimo cha mtoto mmoja.
Aliyeenewa alipaa.
Mimi, Lahti, mita ya sitini na tatu,
nilisikia mlio, wala si kwa sikio,
kama shuka inayopasuliwa chumba cha pili,
nikageuka nimwone aliyenipiga jiwe.
Hapakuwa na mtu.
Kauko akasema, Raili, umekosa moyo.
Moyo nilikuwa nao. Ulikuwa ukidunda nyuma ya paja.

Wiki ya tano Vilja aliiba karatasi ya Oona.
Nilimkuta peke yake chumba cha viatu,
visigino amevibana chini ya kabati,
anajishusha, meno yameuma ukosi wa fulana.
Sikumkaripia. Nilikaa juu ya visigino vile,
nikamhesabia mpaka sita,
kisha nikamwambia: haya, sasa nilipe nyonga zangu.
Akalipa. Kwa manung'uniko, lakini akalipa.

Agosti, Tampere, walimaliza wa tatu.
Gazeti liliandika juu ya kijiti kilichopokewa vibaya.
Katika daftari langu, safu ya majeraha:
kistari, kistari, kistari, kistari.
Mwenyekiti wa chama akaniuliza, kwa upole kabisa,
hasa hasa, Raili, mwaka mzima umefanya nini?
Nitamwonyeshaje mlio usiosikika?
Na pengine ni bahati. Wanne si ushahidi,
hata mimi najua kuhesabu.

Jioni ile Vilja alikaa ngazini na aiskrimu,
mguu ameunyoosha kama mali ya mtu mwingine.
"Msimu ujao," akasema, "nipe kuruka."
Nikamwambia amalize aiskrimu,
ainuke, atembee mpaka kwenye lile geti na kurudi,
nimwone kwanza.